Kanda Saba za Kufokafoka, na Ugomvi wa Nafasi ya Kwanza

Ndugu msomaji, ziko kazi ambazo mtu huzidhania mchezo mpaka aketi kitako kuzifanya. Kupanga albamu za hip hop, ipi itangulie na ipi ifuate, ni mojawapo. Vijana wa vijiwe vya Ngamiani huimaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa; hupigizana kelele, hucheka, kisha kila mmoja hupanda baiskeli yake akaenda zake. Nyumbani kwangu kazi hiyo imechukua majuma matatu, na hata hivi ninapoandika nafasi ya kwanza ina wenyewe wawili.

Usidhani kwamba tulikosa la kufanya. Ninalo sanduku la kanda aliloniachia mdogo wangu alipofunga kibanda chake cha kuuzia muziki. Wakati huo watu walikwisha kuhamia kwenye sidii, na baada ya sidii wakahamia kwenye simu. Hewa ya pwani haina huruma na utepe wa kanda. Ukungu mweupe huota pembeni, redio hutafuna, na kalamu ya wino tuliyozoea kuzungushia kanda haiponyi kitu kilichokwisha kuoza. Yuko fundi mmoja wa redio, Barabara ya 12, anayezihamisha kanda kwenye kompyuta moja baada ya moja. Bei yake ni ya haki, ila mfuko wangu ni wa mstaafu. Nimepiga hesabu nikaona naweza kulipia saba. Zilizobaki zitakwenda na ukungu wake. Kwa hiyo asinicheke mtu kwamba mzee mzima anashindana na watoto mambo ya muziki. Ninachochagua hapa ni sauti zitakazobaki ndani ya nyumba yangu.

Kwanza nieleze ninapimaje. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, pale Vibambani. Huku mtoto hujua kina kabla hajajua kuandika. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane kwa nane, lina kina cha kati na kina cha mwisho, na msikilizaji akiona kina kimepinda hujikuna kana kwamba kaumwa na mbu. Muziki wa kufokafoka, kama tulivyouita ulipoingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, hauna mizani ya kuhesabu vidoleni. Mizani yake ni ngoma. Lakini kina uko nacho, tena kingi, na mfokaji hodari hukificha katikati ya mstari mahali usipokitegemea. Ninapoisikiliza kanda, basi, naanza kwa sikio la shairi. Kisha najiuliza kama jambo linalosemwa lina uzito. Mwisho nageuza upande wa pili, maana kanda nyingi sana zina nyimbo mbili nzuri upande A, na upande B umejaa majivuno na salamu kwa marafiki.

Rafiki yangu mmoja niliyefanya naye kazi bandarini hakubali kipimo hicho. Yeye husema kwamba kupanga albamu za hip hop bila kuanza na Marekani ni sawa na kuhesabu maimamu ukaiacha Makka. Hunitajia Public Enemy wa mwaka 1988, hunitajia Illmatic ya Nas ya mwaka 1994, yenye dakika zisizofika arobaini na isiyo na wimbo wa kujazia. Hunitajia pia All Eyez on Me ya Tupac, iliyotoka Februari 1996, miezi saba kabla ya kijana yule kuuawa kwa risasi. Simbishii. Sura ya Tupac tuliiona kwenye daladala na kuta za vinyozi kote nchini, na vijana wetu walijifunza kutoka kwake kwamba mtu maskini anaweza kusimama akaeleza umaskini wake bila kuomba radhi. Ila mimi siwezi kukipa nafasi ya kwanza kitu ninachokisikiliza huku nimeshika kamusi. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mapigo ya wimbo wa Kimarekani akaweka maneno ya Kiswahili juu yake, na siku ile mlango ulifunguka. Mimi napanga waliopita mlango huo.

Nianze chini, kwa walionipa taabu ndogo.

Nafasi ya saba nimempa Ngwair, albamu yake ya a.k.a. Mimi. Kusema kweli ni chaguo la mwanangu wa kiume. Mimi huona kwamba nyingi za nyimbo zake ni za starehe, na starehe haihitaji kuhifadhiwa, kwani kila kizazi hujizulia yake. Lakini kijana akaniambia, "Baba, sikiliza namna anavyopumua." Nikasikiliza. Ni kweli: Ngwair alitembea juu ya ngoma kama mtu anayeteremka mlima Usambara kwa baiskeli, mikono hewani. Alifariki Johannesburg mwezi Mei 2013, akiwa bado kijana, akazikwa Morogoro. Nikaona mwanangu asinyimwe.

Ya sita ni Ni Wakati ya Kalamashaka, watatu wa Dandora, Nairobi. Sisi wa Tanga tuko karibu na Mombasa kuliko tulivyo karibu na Dar es Salaam, na bidhaa za Kenya zimepita Horohoro tangu enzi na enzi, sabuni, mafuta ya kupaka na nyimbo. Kiswahili chao ni kigumu kwetu. Kimevunjwa mifupa kikaungwa upya. Lakini hasira yao haihitaji mkalimani. Ya tano ni Ndani ya Bongo ya Mr. II, ambaye wengine mnamjua kwa jina la Sugu. Huyo alifoka katikati ya miaka ya 1990, wakati wazazi wengi waliamini kwamba kufoka ni dalili ya kuvuta bangi. Sauti imerekodiwa kwa vifaa duni, na ukiisikiliza leo utadhani anaimba ndani ya pipa. Haidhuru. Bila yeye kusimama na kushikilia kwamba kazi hii ni kazi, waliofuata wasingepata hata pipa. Baadaye watu wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni mwaka 2010, akakaa huko miaka kumi.

Ya nne, Mwanafalsafani ya Mwana FA. Hapa naomba radhi kwa upendeleo, maana ni mtoto wa mkoa wetu, na mwaka 2020 Muheza walimchagua kuwa mbunge wao. Miaka mitatu baadaye akateuliwa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Ukisikiliza sana utaona kwamba ufokaji wake ni mazungumzo ya barazani. Hapandishi sauti. Huanza jambo kama mtu anayenyoosha miguu, na kabla hujajua amekwisha kukufunga. Mama wa Tanga wengi hawakufurahi miaka iliyofuata alipotoa wimbo Bado Nipo Nipo, wa kijana asiyetaka kuharakishwa kuoa. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka thelathini na minne aliyeutumia wimbo huo kama hati ya kisheria.

Ya tatu ni Ugali ya Juma Nature wa Temeke, ya mwaka 2003, iliyopikwa na P-Funk katika studio ya Bongo Records. Sina mengi ya kuieleza. Sauti ya Nature imekwaruza, haina adabu ya kwaya wala ya taarabu, lakini ukiwa umerudi kazini na siku imekuharibikia, ndiyo sauti utakayoitaka. Kuieleza zaidi ni kuiharibu.

Fid Q wa Mwanza nimemwacha nje, na nimeumia. Mtu aliyeipa albamu yake jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho alistahili kupata kiti katika nyumba ya mtu wa Tanga, lakini kanda yenyewe fundi aliiangalia kwenye mwanga akatikisa kichwa. Utepe umeshikana. X Plastaz wa Arusha pia hawamo. Maasai Hip Hop yao ya mwaka 2004 ilitolewa Ujerumani, na haikupata kufika kwenye kibanda cha mdogo wangu.

Sasa tumefika penye maneno.

Zimebaki mbili, Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ya mwaka 2001, na kanda ya Wagosi wa Kaya. Hao Wagosi mdogo wangu aliwarekodi wote katika kanda moja ya dakika tisini, nyimbo za albamu ya Ukweli Mtupu pamoja na nyinginezo, kwa hiyo mimi nawahesabu kuwa kitu kimoja. Mwenye kutaka kunisahihisha na aje na sanduku lake.

Kwa msomaji aliye mbali, Wagosi wa Kaya ni vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dokta John. Jina hilo ni la lugha za huku kwetu, nalo maana yake ni wanaume wa nyumbani, na ndilo jina la utani la timu yetu ya Coastal Union, mabingwa wa nchi mwaka 1988. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana hao walitoka na nyimbo ambazo hazikumbembeleza mtu. Walimsema askari wa barabarani na hongo yake katika Trafiki. Walimsema muuguzi na ulimi wake katika Wauguzi. Na katika Tanga Kunani waliuliza swali ambalo kila mtu wa mji huu alikuwa akilimeza.

Ili uelewe swali hilo, kumbuka Tanga ilikuwa nini. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani, na sehemu kubwa ilitoka mashamba yetu na kupita bandari yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000 tu. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991. Vingine vikafuata, au vikabaki mlango wazi na mashine kimya. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora wakawa wanaamka wenyewe saa ileile, wanavaa, wanakaa barazani. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka miwili, kabla sijapata kibarua bandarini. Kiwanda changu sikitaji, hakina maana tena. Nakumbuka tu kwamba hakuna aliyetuuliza lolote. Tuliambiwa tarehe, tukasaini. Sasa miaka kadhaa baadaye napita Barabara ya 12, nasikia redioni sauti mbili za vijana, kwa lafudhi yetu wenyewe, zinaliita jina la mji wangu na kuuliza kuna nini. Nilisimama juani mpaka wimbo ukaisha. Ndiyo sababu kanda hiyo kwangu ni ya kwanza, na vina vyake vingepinda kama upinde ningeiweka palepale.

Lakini, ndugu msomaji, mke wangu ni muuguzi. Ametumikia miaka thelathini na mbili wodi ya wazazi, mpaka alipostaafu.

Mwaka ule wimbo wa Wauguzi ulipovuma alikuwa akirudi kazini na daladala, amevaa sare yake nyeupe. Wimbo ukapigwa redioni. Kondakta akamtazama, akaongeza sauti. Abiria wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha wazi. Mama mmoja aliyempakata mtoto hakucheka. Alimwangalia tu, na mke wangu anasema jicho lile lilimuuma kuliko kicheko. Akashuka vituo viwili kabla ya kwetu, akatembea. Aliponieleza jioni ile nilikuwa nimeipiga kanda hiyohiyo sebuleni. Hakuniambia nizime. Alikwenda jikoni, akafunga mlango.

Basi baada ya siku ile tuliishi na kanda hiyo kama watu wanaoishi na mkwe mkorofi: yupo, anaheshimiwa, hatajwi. Nilipotangaza majuma matatu yaliyopita kwamba ndiyo ya kwanza, nilitegemea dhoruba. Haikuja. Alichukua kanda, akaomba redio, akasikiliza wimbo wa Wauguzi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza, nadhani, akiwa ameketi. Kisha akasema, "Baba watoto, haya yote ni kweli. Nimeyaona kwa macho. Na binti yetu yalimpata."

Ni kweli yalimpata. Binti yetu mkubwa alijifungua katika hospitali moja ambayo si ya mama yake wala si ya kutajwa, na alitamkiwa maneno ambayo mtu hamtamkii mbuzi. Mama yake alikuwa mlangoni, akayasikia. Nilidhani atapigana. Akaingia, akamwambia yule muuguzi kijana kwa upole, "Mwanangu, una wagonjwa wangapi usiku huu?" Yule akajibu, kisha akaanza kulia. Mke wangu akavua kanga ya juu, akaosha mikono, akamsaidia mpaka alfajiri.

"Sasa ikiwa ni kweli," nikamwambia, "kwa nini isiwe ya kwanza?"

Jibu lake limenishughulisha tangu siku ile. Alinikumbusha taarabu ya mji huu ya miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star, na Shakila aliyepata kuimbia vyote viwili. Klabu moja ikitoa wimbo wenye mwiba, watu wa Tanga walikwenda nyumbani wakisubiri, kwa sababu walijua ya pili itajibu. Wimbo haukuwa umekamilika mpaka ujibiwe. "Vijana hawa wamemwimba mgonjwa, wamemwimba muuguzi," akasema, "lakini muuguzi hawakumpa ubeti hata mmoja. Amesimama pale kama sanamu anatukanwa. Nani amemuuliza kama amekula? Nani amemuuliza glavu ziko wapi? Wimbo wa kweli tupu umekatwa nusu."

Kwake yeye, basi, ya kwanza ni Machozi, Jasho na Damu. Anataja Ndio Mzee, ule wimbo wa mgombea anayewamiminia watu ahadi zisizowezekana, nao wanaitikia tu. Humo, anasema, wote wawili wapo: mwongo anasikika na wanaodanganywa wanasikika, na kila mmoja anajidhihirisha kwa kinywa chake. Mfokaji hahitaji kumhukumu mtu. Nilijaribu kujibu kwamba Professor Jay mwenyewe baadaye alikuwa mbunge, Mikumi, tangu 2015 hadi 2020. Hakujali. Akaniambia kwamba mwaka 2022 Jay alilazwa Muhimbili miezi mingi, hali mbaya, watu wakakata tamaa, na alipotoka alianzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. "Huyo," akasema mke wangu, "mwulizeni yeye kuhusu wauguzi."

Nimelifikiria jambo hilo nikiwa msikitini, nikiwa sokoni, na usiku umeme ulipokatika. Kwa kipimo cha ufundi, mke wangu ameshinda. Ndio Mzee umejengwa vizuri kuliko wimbo wowote uliomo katika kanda ya Wagosi. Una watu ndani yake, una mchezo wa kuigiza, na kicheko chake kinachelewa kidogo kabla hakijauma. Nakiri pia kwamba upande B wa Jay hauchoshi. Lakini mtu hapangi kwa ufundi peke yake. Mwenzangu anataka wimbo uliompa kila mtu nafasi ya kusema. Mimi nilikaa barazani miaka miwili bila mtu wa kuniuliza neno, na wa kwanza kuuliza walikuwa hao wawili. Siwezi kuwaambia wasogee nafasi ya pili kwa sababu ya ubeti ambao hawakuuandika.

Watoto wamejaribu kutusuluhisha. Binti amependekeza zote mbili ziwe za kwanza, tukakataa sote kwa pamoja. Mpango usio na wa kwanza si mpango. Mwanangu akasema kwenye kompyuta nyimbo hazikai kwa mfuatano, kila mtu hubonyeza anachotaka, kwa hiyo tunagombea kiti kisichokuwapo. Huyo ni kijana wa siku hizi. Hajui kwamba kanda ya kwanza kupelekwa kwa fundi ndiyo inayopata mashine ikiwa bado safi, kabla kichwa chake hakijachafuliwa na ukungu wa nyingine. Nilimweleza. Akasema, "Kumbe!"

Jumatatu iliyopita tulikwenda sote wawili Barabara ya 12, mimi na mke wangu, tumezifunga zile saba katika kitambaa. Fundi akafungua, akazipanga mezani, akauliza, "Haya, Mzee, Mama, tuanze na ipi?" Tukatazamana. Mke wangu akamwomba pamba na spiriti, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuisafisha ile ya Wagosi kwa mikono ya mtu aliyefunga vitovu vya watoto maelfu, utepe wote, taratibu, sentimita baada ya sentimita. Fundi, kwa kuwa hapendi kukaa bure, akaitia ya Jay mashineni.